Mparachichi wa Monique

Kama umewahi kununua mche pale Kyebando, kando ya mtaro mkubwa, basi umewahi kugombezwa na Kakule. Hakuna aliyeponyoka. Uwe mama wa kanisa, uwe afande mwenye nyota begani, ulilipa, ukauchukua mche wako, na kabla hujageuka ukaulizwa, "Na kavera je? Utafanya nini na kavera?" Kavera ndilo jina la mfuko wa plastiki Kampala nzima, na miche yote ya Kakule ilikaa ndani ya mifuko myeusi, mstari kwa mstari, chini ya kivuli cha makuti aliyojitengenezea. Ukimjibu, "Nitapanda tu, mzee," umekwisha. Alikukalisha juu ya debe, akakueleza kwa Kiswahili chake cha Butembo, polepole, kwamba mti ukizikwa na mfuko wake mizizi itazunguka humo humo mpaka ijikabe, halafu wewe useme Kakule kakuuzia mti mgonjwa. "Toa kavera kwanza! Sema: nitatoa kavera." Na watu wazima walisema, mbele za wapita njia, nitatoa kavera. Ndiyo maana vijana wa bodaboda walimwita Mzee Toa-Kavera, naye aliitika bila kinyongo.

Sasa sikia alichokifanya mtu huyo huyo nyumbani kwake.

Lakini tuanze na alikotoka, maana hakuna anayeharibu kazi yake mwenyewe bila sababu. Kakule na mkewe Monique waliingia Uganda mwaka 2001 kwa mpaka wa Kasindi, wakikimbia vita vya kwao. Walikuwa watatu walipotoka Butembo, wakavuka wawili. Mtoto wao, Elisée, miaka miwili na nusu, alishikwa na surua njiani, wakamzika Kasindi nyuma ya kanisa ambalo hata jina lake hawakulijua. Kampala Monique akapata mimba, ikatoka. Akapata nyingine, nayo ikatoka. Baada ya hapo hakukuja kitu tena. Dada yake Kakule, aliyebaki Butembo, akapiga simu siku moja akasema neno ambalo afadhali angelimeza: kwamba mkono wa Monique haukuzi kitu. Simu ilikuwa kwenye spika, na Monique alikuwa pale pale akichambua mchele. Hakulia. Aliendelea kuchambua mchele wake hadi ukaisha, lakini neno lile lilimwingia, likakaa.

Tangu siku hiyo hakufuga kuku. Hakushika mche hata mmoja wa mumewe. Kakule akimwomba amwagilie kitalu, alisema, "Hapana, Baba Elisée, nisije nikakuharibia," akajifunga kitenge chake akaenda zake sokoni Nateete, alikouza vitenge na vitambaa vya kichwa. Kitenge hakifi, alisema. Watu walicheka, wakidhani ni utani wa muuzaji.

Kakule naye alikuwa na donda lake, na hili lilikuwa la ardhi. Walipofika walipanga chumba kimoja hapo Nateete, na mwaka wa kwanza, kwa kuwa kwao kila nyumba ina mti wake, alipanda mparachichi nyuma ya choo. Hakumuuliza mtu. Mti ulikuwa umefika kiunoni siku mwenye nyumba alipokuja na panga mkononi. Aliukata kwanza, ndipo akasalimia. Akasema, wewe mgeni, hapa mpangaji anapanda mchicha wa dodo na nyanya, vitu vya kula leo na kesho. Mti unapandwa na mwenye kiwanja. Ukipanda mti unaniambia nini? Unaniambia umefika, hutoki. Akawapa siku tatu.

Basi ilikuwa hivyo. Wakahamia Mengo, wakapata chumba karibu na mama mmoja wa Kiacholi, Lamunu, aliyekuwa na kitalu kidogo cha miche na miguu iliyomuuma. Lamunu ndiye aliyemfundisha Kakule kuchanganya udongo na samadi, kujaza mifuko na kuwekea mbegu kivuli. Kakule aliipenda ile kazi mara moja, na alipenda jambo moja zaidi ya mengine, hata Lamunu hakulijua: mti ulio ndani ya mfuko unabebeka. Nyumba ya Mengo ilipouzwa, alipakia miche yote kwenye mkokoteni akahamia nayo Kyebando, wala hakupoteza hata mmoja. Miaka kumi na tano aliotesha miti maelfu. Wa kwake, ardhini, hakuwa nao hata mmoja.

Mwaka 2016 ndipo likaja jambo la Matanki. Chini ya Kyebando, kwenye mteremko unaoelekea bondeni, ushirika mmoja wa wapangaji ulipata ardhi na wafadhili, ukajenga nyumba arobaini kwa matofali ya udongo wa pale pale, yaliyoshindiliwa kwa mashine bila kuchomwa kwa kuni. Kila nyumba ilikuwa na tangi kubwa la maji ya mvua, na ndiyo maana watu waliuita mtaa ule Matanki. Hakukuwa na ukuta wala geti la chuma. Wapangaji wa kitambo, wenyeji na wageni, waliingizwa kwa majina, na jina la Kakule likawemo. Monique aliposikia alikaa chini sokoni katikati ya vitenge vyake, akajifunika uso. Nyumba yenye milango miwili! Jikoni kwake mwenyewe!

Mwenyekiti wa ushirika, Hajati Rukiah, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde, akawakusanya wakazi akawasomea masharti. Sharti kubwa lilikuwa miti. Mteremko ule ulikuwa mtupu, na mvua ingeushusha wote bondeni, nyumba na watu. Kila nyumba ipande miti mitatu, mmoja wa matunda, mmoja wa kivuli, mmoja wowote, na ipandwe kwa mikono ya wenye nyumba wenyewe, si ya kibarua. "Na mti ukishaupanda," akasema Rukiah, akiinua karatasi, "ni wako. Hakuna wa kukuondoa. Yameandikwa hapa, na mhuri upo." Watu wakapiga makofi. Miche yote mia na ishirini ilinunuliwa kwa Kakule, na wiki nzima alizunguka nyumba kwa nyumba akipiga kelele, toeni kavera, toeni kavera.

Lakini moyoni hakuamini. Karatasi ni karatasi, alijiambia. Mhuri aliwahi kuuona hata mkononi mwa yule mwenye nyumba wa Nateete. Mwenye nyumba kukulazimisha kupanda mti? Lini jambo hilo likatokea? Kwake lilikuwa na harufu ya mtego. Siku watakapobadilika, alifikiri, watasema ondokeni, na miti itabaki hapa, na safari hii sitaacha kitu.

Jumapili ya kupanda Monique alikwenda misa ya kwanza. Kakule akachimba mashimo matatu, mazuri kabisa, yenye kina na samadi. Akaushusha mlimau kwenye shimo lake, na kavera. Akaushusha msizi wa kivuli, na kavera. Akaufikia mparachichi. Alisimama nao mkononi muda mrefu, maana huu ndio mkewe aliotaka kuupanda mwenyewe. Monique alikuwa ameomba hilo kwa aibu, kama mtu anayeomba kitu kisicho cha rika lake. "Labda hapa," alisema. "Labda hapa utakubali." Na Kakule, bwana huyu aliyewaapisha watu barabarani, akaushusha nao ukiwa na mfuko wake, akafukia udongo mpaka plastiki isionekane. Wakikufukuza, unachimba, unainua, unakwenda. Ndivyo alivyowaza. Monique aliporudi kanisani alipiga magoti na gauni lake la Jumapili, akasukuma udongo uliobaki kwa viganja, akaushindilia taratibu, akamwaga maji. Akamwangalia mumewe akicheka. Kakule akacheka pia, na kicheko hicho kilimuuma muda huo huo.

Mvua zikanyesha. Matanki yakajaa. Kila mahali mtaani miti ikapanda juu, mipera, mifenesi, miparachichi, ikaanza kushikana kwenye mteremko, na udongo ukatulia. Nyumba ya jirani, kwa Aoko, hatua kumi tu kutoka pale, mparachichi wa kitalu kile kile ulimpita mwanawe wa pili kimo. Aoko alikuwa fundi cherehani kutoka Kisumu, mama wa watoto wanne, mwenye maneno mengi na moyo mkubwa kuliko maneno yake. Kwa Kakule miti mitatu ilisimama pale pale. Haikufa. Majani yakawa ya manjano, jua likiwaka yakalegea, jioni yakajikaza kidogo, basi.

Hajati Rukiah alipopita kukagua, alicheka hadi akashika kiuno. "Banange! Mzee Toa-Kavera! Umetuuzia yote mizuri ukajiachia makapi?"

"Udongo wa hapa una changarawe, Hajati," akasema Kakule.

"Changarawe iko kwako tu? Kwa Aoko haikufika?"

Kakule akajifanya anakohoa. Wakazi walikuja na ushauri, majivu, maji ya samaki, mkojo wa ng'ombe, naye akawashukuru wote mmoja mmoja. Aibu ya kazi aliivumilia. Angeweza kuivumilia hata miaka kumi.

Kitu ambacho hakuweza kukivumilia kilianza kiangazi cha Desemba. Asubuhi moja alikuwa anavaa viatu chumbani, dirisha likiwa wazi, akamsikia mkewe nje. Monique kila siku kabla ya kwenda Nateete aliupelekea mparachichi maji aliyooshea mchele, na Kakule alijua hilo. Hakujua kwamba anauongelesha. "Nisamehe," alikuwa akisema, kwa Kinande, lugha ya kwao, chini chini. "Kama ni mimi, nisamehe. Jikaze tu kidogo." Halafu akasema tena, "Mimi nilikuwa nataka ukue."

Mwanamume mzima alibaki na kiatu kimoja mkononi. Hapo ndipo angetoka. Hatua sita tu mpaka nje, aseme, Mama Elisée, si wewe, ni mimi. Hakutoka. Maana angesema nini baada ya hapo? Angelazimika kumwambia kwamba nyumba hii anayoifagia mara tatu kwa siku, yeye mumewe hajailalia usiku mmoja kwa amani. Kwamba kila anapoifurahia, yeye anapiga hesabu ya mkokoteni. Alimpenda mke wake mno hata asiweze kumvunjia furaha, na kwa kumpenda hivyo akamwachia mzigo uliomzidi. Upumbavu wa namna hiyo upo, na wenye upendo mwingi ndio wanaoufanya.

Miezi mitatu akanyamaza. Monique akapungua. Hakulalamika, ila alianza kupita mbali na ule mti, na watoto wa Aoko wakija kucheza alikaa na mikono ndani ya kitenge.

Machi ilipofika, mvua zikiwa karibu, alimwambia Kakule mezani, huku akimwekea ugali, "Nimeongea na Aoko. Jumamosi atakuja kutupandia mparachichi mwingine. Yeye ana mkono wa kukuza, amezaa wanne na wote wapo. Wewe uung'oe ule wangu, uutupe. Sitaki kuuona tena." Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayeagiza chumvi.

"Mama Elisée..."

"Kula, kinapoa."

Kakule alikula bila kujua anakula nini. Mnaona alipofikishwa? Njia ya kutokea ilikuwa imefunguka mbele yake, pana na rahisi. Angeung'oa mti mkewe akiwa sokoni, akatoa mfuko, akauchoma. Aoko angepanda mwingine kwa mikono yake, Kakule angehakikisha umetoka kwenye kavera, nao ungekua, ungezaa, na hakuna ambaye angejua kamwe. Ila Monique angeutazama kila siku ya maisha yake, akala maparachichi yake, akijua sasa kwa hakika kwamba wifi yake alisema kweli.

Ijumaa mchana alifunga kitalu mapema, akarudi nyumbani na jembe. Usimlaumu kabla hujasikia. Alikwenda kuichukua ile njia rahisi. Alisimama juu ya mparachichi, akainua jembe, akaangalia chini apate pa kupiga. Udongo kuzunguka shina ulikuwa na unyevu bado, na juu yake kulikuwa na alama za viganja, vidole vyote kumi vikionekana. Monique alikuwa ameushindilia tena asubuhi ile. Mti aliosema utupwe, kabla ya kwenda sokoni alikuwa ameupa maji yake ya mchele na kuukandia udongo vizuri.

Kakule akaweka jembe chini. Akachuchumaa pale, akalia mpaka kamasi zikamtoka, mzee wa miaka hamsini na nane, na mbuzi wa jirani wakimtazama.

Jumamosi asubuhi Aoko alifika na mikono ya blauzi imekunjwa, akiimba. "Niko tayari, Mzee! Hii mikono imepanda mahindi, imepanda viazi, imepanda Waluo wanne. Leta mti!"

Monique alikuwa amesimama mlangoni, hataki kutoka.

"Mama Elisée," Kakule akaita. "Toka, njoo hapa karibu."

"Nyinyi pandeni tu. Mimi nina kazi ndani."

"Njoo. Nakuomba."

Aoko alimtazama mzee usoni, akaacha kuimba. Monique akaja taratibu. Kakule akapiga magoti, hakutumia jembe, akaufukua udongo kwa mikono. Vidole viwili tu chini ya udongo plastiki nyeusi ikaonekana. Akaendelea. Akaushika mti kwa shina, akautikisa, ukatoka wote mzima ndani ya mfuko wake, kama ulivyoingia. Mizizi michache ilikuwa imetoboa chini kutafuta njia. Iliyobaki ilikuwa imejizungusha ndani, imebanana, hata udongo haukuonekana.

"Mzee," Aoko akanong'ona, "si hii ni kavera?"

"Ni kavera," akasema Kakule. "Niliiacha mimi. Nilijua. Miti yote mitatu. Nilisema wakitufukuza, tuchimbe, twende nayo. Sikuamini, Mama Elisée. Hata leo siamini sana." Akamgeukia mkewe. "Wewe hukufanya kitu. Wewe ulishindilia vizuri."

Monique aliinama, akaupokea mti kwa mikono miwili, akaugeuza huku na huku. Akapitisha kidole juu ya plastiki, pale ilipokuwa imevimba kwa mizizi.

"Kumbe si mkono wangu," akasema.

"Si mkono wako."

"Mwaka mzima, Kakule." Hakuwa amewahi kumwita kwa jina lake tupu tangu Elisée azaliwe. "Mwaka mzima nimeuomba mti msamaha."

"Nilikusikia."

"Ulinisikia?"

"Desemba. Nilikuwa dirishani."

Hapo alimchapa. Aliweka mti chini kwanza, kwa uangalifu, ndipo akamchapa begani kwa kiganja, mara moja, mara mbili, mara ya tatu mkono ukabaki pale begani, ukamshika shati. Alilia kwa sauti, kilio ambacho Kakule hakuwahi kukisikia Kasindi wala baada ya Kasindi, na katikati yake kulikuwa na kitu kama kicheko. Kakule aliogopa kusogea. Aoko naye alikuwa analia, akijifuta kwa mkono wa blauzi, akisema aki nyinyi watu, aki nyinyi watu.

Monique alipotulia alipangusa uso kwa kitenge. Akamwambia Aoko aketi, atamletea chai baadaye. Akaingia jikoni, akatoka na kisu. Akaupasua mfuko kutoka juu mpaka chini, akauvua, akaanza kuifungua mizizi mmoja mmoja. Hakuwa amewahi kuifanya kazi ile, na mumewe alinyoosha mkono kumwonyesha.

"Usiguse," akasema.

"Iliyooza uikate. Usiogope, itatoa mingine."

"Siogopi."

Akaikata iliyooza. Akaupanua ule mzunguko hadi mizizi ikakaa kila upande, akaushusha mti shimoni, akaurudishia udongo kwa viganja.

"Na wakitufukuza je?" Kakule akauliza. Alijua ni swali la kijinga, lakini lilikuwa limekaa kifuani mwake miaka kumi na sita.

Monique alikuwa bado anashindilia udongo. Hakuinua macho.

"Wakitufukuza huu tutauacha hapa," akasema, "na huko tutakakokwenda nitapanda mwingine. Mikono ninayo."